Shingo ya Kipyego

Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini ule wa Gerishon Thuo ulivunja mifupa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Tabia yake ilikuwa ile ya mafundi wengi, wala usiniambie fundi wako hana. Ukimpelekea redio, haiiti redio. Anaiita jina lako. "Mburu hashiki stesheni. Isaiah nimemfungua tumbo, ameungua ndani." Watu wa Eldoret walimzoea, wakacheka naye, na kwa miaka mitano hakuna aliyeumia.

Mwaka wa nne wa uhuru, siku ya Alhamisi, Kipyego akaingia dukani kwake na gitaa ya stima. Kipyego alikuwa Mnandi wa upande wa Chepsaita, kijana mrefu, mpole, anayepiga muziki kwenye madansi ya Jumamosi. Gitaa aliinunua kwa kijana wa mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kuhama nchi. Ilikuwa nzuri kuiangalia, lakini nyuzi zilikuwa zimeinuka juu sana, na ukizibonyeza vidole vinauma na sauti inatoka imepinda.

Gerishon alifunga jicho moja akaitazama toka mwisho mpaka mwisho, kama seremala anavyotazama ubao.

"Shingo imevutwa na nyuzi," alisema. "Ndani yake kuna chuma. Nikikikaza, mti unarudi nyuma. Lakini si mara moja, utapasuka. Nazungusha robo leo, naacha ilale. Robo kesho, robo Jumamosi."

"Na nyuzi?"

"Hizi zimeoza. Nenda Kitale kwa Mhindi wa gramafoni, mpya ziko huko."

Kipyego akasema atalala huko kwa rafiki yake na kurudi Jumamosi mchana. Akaenda bila kupita nyumbani. Kijana wa miaka ishirini na minne anamuaga nani?

Lakini mwezi huo haukuwa wa kutoka bila kuaga, wala wa kuropoka. Shamba ambamo baba yake Kipyego alichunga ng'ombe za mzungu miaka thelathini lilikuwa limenunuliwa na kampuni ya hisa, Wakikuyu wa kutoka Central, watu wa kwao Gerishon. Gerishon mwenyewe alikuwa na hisa moja, ya ekari ambazo hakuwa ameziona hata kwa macho. Wapimaji walipokuja, Kipyego aling'oa vigingi vyao akavitupa mtoni. Kwenye mkutano uliofuata, mzee mmoja wa kampuni akamnyooshea bakora mbele za watu, akasema, "Huyu kijana atanyooshwa." Neno hilo lilifika kila boma kabla jua halijatua. Gerishon hakulisikia. Siku hiyo alikuwa dukani, amezika uso ndani ya redio.

Ijumaa, Jeruto, dada yake Kipyego, alikuja kujaribu gauni kwa Kavetsa, mama wa Kimaragoli aliyeshona kwenye veranda ya duka hilo hilo. Kavetsa alikuwa akimbana pini mgongoni. Ndani, Gerishon alikuwa amemaliza robo ya pili, na kazi ikimwendea vizuri alikuwa hanyamazi.

"Kavetsa, huyu Kipyego ana shingo ngumu."

"Umemfanya nini?" Kavetsa aliuliza, pini mdomoni.

"Nimemkaza jana, nimemkaza leo. Analia kidogo. Kesho nikimkaza ya mwisho, atanyooka kabisa."

"Usiue mtoto wa watu."

"Akipasuka namtupa. Nitafanya nini?"

Jeruto alijichomoa mikononi mwa Kavetsa. Alishuka ngazi za veranda akakimbia, gauni nusu limefungwa, pini zinamng'aa mgongoni.

Kavetsa alibaki na mikono hewani. Halafu akaelewa, akaingia ndani.

"Fundi, yule ni dada yake Kipyego. Amesikia vibaya. Mfuate umwambie ni gitaa."

Gerishon alikasirika. Alikuwa mwepesi wa hasira, hasa akiambiwa amekosea. "Nimfuate niseme mimi si muuaji? Kwani nani amesema mimi ni muuaji? Mwenye akili ataelewa."

Hapo ndipo mimi namlaumu, wala sitaacha. Msichana alikuwa hajafika hata kwenye kona. Hatua hamsini tu, na mdomo ule ule uliopenda kusema.

Usiku huo Kimutai, kaka mkubwa wa Kipyego, hakulala. Yeye na wenzake wawili walipita hospitali, wakapita kwa polisi, wakapekua kingo za mto kwa fimbo. Kipyego hakuwepo popote. Jumamosi saa sita mchana wakaingia mjini na marungu.

Gerishon alikuwa amekaza robo yake ya mwisho asubuhi, na shingo ilikuwa imenyooka sawasawa. Alitoa zile nyuzi kuukuu, akailaza gitaa mezani akaifunika kwa blanketi isiingie vumbi, akarudi kuchomelea waya wa redio. Kavetsa alikuwa ameenda sokoni kutafuta uzi. Mlango ulifunguka kwa teke, na mmoja wa wale watu akaufunga tena na kuuegemea.

"Kipyego yuko wapi?" Kimutai aliuliza.

Angesema Kitale. Neno moja tu, Kitale. Lakini alimwona mtu na rungu ndani ya duka lake, damu ikampanda, na ulimi ukajibu kama ulivyozoea kujibu.

"Kipyego si huyu hapa mezani? Nimemalizana naye."

Kimutai alitazama blanketi. Hakulifunua. Nadhani aliogopa kulifunua. Rungu likashuka juu ya mkono wa kulia wa Gerishon, pale pale juu ya meza, na mifupa ya kifundo ikavunjika kwa mlio ambao hata yule wa mlangoni aliusikia. Pigo la pili lilimpata mdomoni, meno mawili yakaenda sakafuni. Gerishon alishika kwa mkono wa kushoto kile chuma cha kuchomelea waya, bado cha moto, akakikandamiza kwenye shavu la Kimutai. Ngozi ikaungua, duka likajaa harufu. Kimutai alipiga ukelele akamkaba koo, wakaanguka pamoja, huku mwenzake akiangusha rafu, na redio za watu zikipasuka juu ya migongo yao.

Gerishon bado angeweza kusema. Mdomo ulijaa damu, lakini neno gitaa linapita hata kwenye damu. Ukweli ni kwamba hakutaka tena kusema. Maumivu ya mkono yalikuwa yamempanda kichwani, na alitaka kuua.

Mshiko wa Kimutai ulipolegea, aliinuka kwa kushikilia meza. Akaingiza mkono wa kushoto chini ya blanketi, akaishika gitaa shingoni, akaizungusha. Ilikuwa ya mti mzito, si ile ya kupasuka kama debe. Ukingo wake ulimpata Kimutai juu ya sikio, akapiga magoti.

Blanketi lilikuwa limeanguka. Kimutai aliitazama meza isiyo na mtu, akaitazama gitaa, na uso wake ukabadilika. Aliinua mkono, kiganja wazi, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Rungu lake lilikuwa chini.

Gerishon aliona kiganja kile. Alikiona vizuri, na hata polisi aliwaambia hivyo. Akapiga mara ya pili, pale pale, na shingo ya gitaa ikapasuka mkononi mwake.

Mlango ulisukumwa kutoka nje. Yule aliyeuegemea aligeuka, akatazama, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kipyego aliingia na kibahasha cha nyuzi mpya mkononi, vumbi la barabara ya Kitale limemjaa nywele.

Kimutai alikuwa amelala ubavu. Jicho moja lilikuwa limezibwa na damu. Lingine lilimwona mdogo wake.

"Kumbe uko," alisema, na akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule ambao haukuungua.

Kipyego akapiga magoti, akamweka kichwa pajani. Akamwita jina, akamwita tena. Hakuitikiwa. Wale wenzake wawili walivua kofia. Hakuna aliyemshika Gerishon, na Gerishon hakukimbia. Alisimama na kipande cha shingo mkononi, chuma kimechomoza ndani yake.

Kipyego aliuliza, bila kuinua kichwa, "Alikufanyia nini, fundi?"

"Aliniuliza uko wapi."

"Ukamwambia niko wapi?"

Gerishon alitema damu.

"Nilimwambia uko hapa mezani," alisema.

Kipyego aligeuka akaitazama meza. Juu yake palikuwa na nyuzi sita kuukuu, zimekunjwa vizuri.