Ubeti Niliomjibu Anaclet

Nianze kwa kusema kwamba nimechoka, msije mkanidai bashasha nisiyokuwa nayo. Miguu imechoka, macho yamechoka na miwani ya sokoni, na zaidi ya vyote nimechoka na simu hii inayolia tangu alfajiri kama mtoto mwenye minyoo. Inalia kwa sababu ya grupe letu la mashairi. Tuko watu sitini na watatu, hapa Kindu na pembeni: fundi cherehani, wauguzi, wachuuzi wa samaki wa Lokandu, wachimbaji wa kasiterite, madini ya bati, wa Kalima, na mimi Sofia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyechapa kitabu. Tunaandika mashairi kwenye simu, tunatumiana, tunapongezana.

Kupongezana ndiyo sheria. Sumaili, yule fundi cherehani, ndiye aliyefungua grupe, akaweka masharti mawili. La kwanza, hakuna kukosoa. Mimi, miaka thelathini na kalamu nyekundu mkononi, nikaambiwa nisikosoe! La pili, mtu akituma ubeti, jua lisizame kabla hajajibiwa kwa ubeti wa vina vilevile, na jibu liwe la kumuinua. Kila siku mmoja wetu anakuwa zamu ya kupokea. "Mama Sofia," Sumaili aliniambia, "watu wa hapa wamevunjika sana. Kwetu waje kupata moyo." Nilikubali shingo upande. Baadaye nikapenda, sitaficha. Umekaa na uchovu wako mchana wa jua kali, mara mtu wa Lubutu usiyemjua sura anakuambia ubeti wako umemfuta machozi. Si kitu kidogo hicho.

Basi Jumanne moja zamu ilikuwa yangu. Saa nne asubuhi ukaingia ubeti wa Anaclet, kijana mchimbaji wa Kalima, mwenye kipaji kikubwa na tahajia mbovu. Kawaida yake ni kuandika juu ya mashimo na matope. Siku hiyo aliandika hivi:

*Mamangu mama Bibiche, alivuka hakurudi,*
*Mihogo ile michache, kufuata hana budi,*
*Mwenye neno asifiche, namuomba ushahidi,*
*Nani alimwona mama, aniambie zaidi.*

Chini yake akaongeza kwamba walikuwa wanakaa Kasuku, mtaa wa hapa Kindu, mwaka ule mji ulipofungwa, na kwamba yeye alikuwa na miaka mitano.

Nilisoma mara moja. Mara ya pili sikuweza. Nikaweka simu kifudifudi juu ya meza, nikaenda kufagia uwanja niliokwisha kuufagia asubuhi.

Bibiche alikuwa jirani yangu. Kati ya parsele yake na yangu kulikuwa na ua wa mianzi tu, na chumvi ilipita katikati ya mianzi hiyo kwenda na kurudi. Mwaka ule askari walikuwa mjini, wapiganaji walikuwa porini, na sisi katikati. Uliyetoka mjini uliitwa mpelelezi kule, uliyetoka kule uliitwa mpelelezi huku. Treni haikuja, baiskeli hazikuja, mashamba yakabaki ng'ambo ya mto Lualaba na mihogo yetu ndani. Watoto waliota nywele nyekundu kwa njaa. Asubuhi moja mimi na Bibiche tulivuka kwenda Alunguli kuchimba mihogo. Mimi nilirudi. Yeye risasi ilimkuta kwenye shamba, na hadi leo sijui ilitoka upande gani. Alikufa, nilimwona akifa, na kwa miaka zaidi ya ishirini sikumwambia mtu wa ukoo wake hata mmoja. Baba mdogo wa mtoto wake alikuja kumchukua akampeleka Kalima, na mimi nikafunga mdomo; Anaclet wa grupe sikumdhania kuwa ndiye, Kalima kuna wengi wa jina hilo. Niliogopa. Hakuna neno lingine la kulipamba.

Kufika saa tisa Sumaili akaandika kwenye grupe: "Mpokezi wa leo, tunangoja! Anaclet asibaki peke yake." Jamila, muuguzi, akatuma mikono miwili ya kuomba. Mwingine akasema leo Mama Sofia atatukata maini. Nilikuwa nimekaa, jasho linanitoka, na kidole kikaanza kuhesabu mizani chenyewe. Ndivyo nilivyo. Nipe huzuni yoyote, nitaihesabu nane kwa nane. Nikaandika:

*Machozi yawe machache, kijana tia juhudi,*
*Alivuka kabla kuche, Lokandu ndiyo kusudi,*
*Yuko kwa watu wachache, wamtunza kwa ahadi,*
*Mama hajakusahau, siku moja atarudi.*

Nikatuma. Lo, makofi! Simu ilitetemeka mpaka ikaanguka chini ya meza. "Malenga wetu!" "Huu ndio wa mwaka!" Sumaili akatuma ujumbe wa sauti, akicheka kwa furaha yake mwenyewe: "Mama, vina vimekaa sawa na vifungo vya koti." Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai nilifurahi kabisa.

Saa kumi na moja Anaclet akaniandikia peke yangu.

"Mwalimu, aksanti sana. Miaka yote nauliza, hakuna mutu alinijibu. Baba mudogo alisemaga tu amekufa, lakini hakuona. Sasa najua alifika Lokandu. Kesho naacha shimo, nakuja Kindu na pikipiki, halafu natafuta mutumbwi. Nitapita kwako kukusalimia."

Nilikaa na simu mkononi. Niliandika, "Mwanangu, usije." Nikafuta. Niliandika, "Ule ulikuwa ubeti tu." Nikafuta. Niliandika, "Nisikilize," nikaona neno hilo moja limekaa pale peke yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti, nikalifuta nalo.

Nikampigia Sumaili. Nikamweleza yote kwa mara ya kwanza, shamba, risasi, kila kitu, na yeye huko anasimamisha cherehani.

"Lakini Mama," alisema mwishowe, "ushairi si kiapo cha tribunali, mbele ya hakimu. Kila siku tunasemaga hivyo. Juzi nilimwambia Jamila kwamba marehemu mume wake anamwangalia toka nyota."

"Jamila hakupanda pikipiki kwenda kwenye nyota, Sumaili!"

Kisha akasema, "Anajua ni wewe uliyekuwa naye?"

"Hajui."

"Basi unaweza kumwambia ulisikia vibaya. Iishe."

Nisiseme uongo, lile shauri lilinishawishi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Kesho yake nikapiga namba ya Anaclet mara tano, kila mara mashine ikanijibu kwamba hapatikani. Barabara ya Kalima haina mtandao, ina matope tu.

Alifika Alhamisi mchana, saa nane. Nilimjua kabla hajasema jambo. Alikuwa na paji la uso la Bibiche, lile pana, na namna yake ya kuinamisha kichwa kidogo kama anasikiliza ukutani. Matope yalimfika magotini. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake kitenge kipya kilichokunjwa.

"Mwalimu Sofia, njo weye?"

"Njo miye, ndimi Sofia. Karibu, mwanangu. Kaa."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mtu mwenye safari. Nilimpa maji. Alikunywa yote, akaniomba mengine, akanywa. Kisha akaugusa ule mfuko.

"Ya mama hii. Sijui kama anapenda rangi hii. Mwalimu, pale Lokandu nianzie kwa nani? Wale watu wachache uliosema, jina yao nani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema nilisikia vibaya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, yameoshwa. Nikatazama kile kitenge. Kilikuwa cha buluu chenye ndege wa njano, cha bei, cha mtu aliyekaa ndani ya shimo wiki nyingi.

"Hakuna watu," nilisema. "Niliwatunga kwa ajili ya vina."

Alicheka kidogo. Alidhani natania.

"Anaclet, mama yako hakufika Lokandu. Mama yako amekufa. Alikufa mwaka ule ule, Alunguli, ndani ya shamba la mihogo. Mimi nilikuwa naye."

Jirani alikuwa anatwanga pondu, majani ya mihogo, mchi unapanda na kushuka, na mimi nikamchukia jirani yule bila kosa lolote.

"Weye ulikuwa naye," alisema.

"Mimi njo Mama Djuma. Wa upande wa pili wa mianzi."

Jina hilo lilimuingia. Niliona linavyoingia, polepole, likitafuta mahali pa kukaa ndani ya mtoto wa miaka mitano. Alinitazama uso mzima, nywele, mikono.

"Mama Djuma," alisema. "Ulikuwa na sufuria iliyokatika mushikio."

"Nilikuwa nayo."

"Ulinipigaga na mwiko."

"Mara moja tu. Ulikuwa umemwaga maji."

Nikamweleza. Sikuhesabu mizani, maneno yalitoka marefu na mafupi, ovyo. Nilimwambia jinsi tulivyokuwa tumejaza vikapu viwili, jinsi mlio ulivyokuja mara moja tu, jinsi mama yake alivyokaa chini kama mtu anayetaka kupumzika. Alinishika mkono. Akasema jina la mtoto wake, basi, halafu akaniachia. Nilitaka kumvuta. Mlio wa pili ukaja. Nikakimbia.

"Ulimuacha."

"Nilimuacha. Na kikapu chake nilikibeba."

Hili sikuwa nimemwambia hata Sumaili. Sijui kwa nini lilitoka. Nadhani nilikuwa nimechoka kulibeba kuliko nilivyochoka siku ile kubeba vikapu vyote viwili, kimoja kichwani na kimoja kifuani, mpaka ukingoni.

Anaclet alisimama. Nikajua sasa atanipiga au ataondoka, na yote mawili nilikuwa nimeyakubali. Alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akakaa tena.

"Siku ile," aliuliza, "miye nilikula nini?"

"Mihogo ile. Ulikuja kwangu unalia njaa. Nilikuchemshia ya kikapu chake."

"Na nilikuuliza mama iko wapi."

"Uliniuliza. Nikakuambia atarudi jioni."

"Kumbe hii ya Jumanne njo mara ya pili," alisema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Nilikula yote?"

"Ulikula nusu. Nusu uliiacha kwenye sahani. Ulisema ni ya mama."

"Na ile nusu?"

"Ulipolala nilimpa Djuma wangu. Alikuwa na miaka saba, alikuwa hawezi kusimama tena."

Alifunika uso kwa mikono miwili, mikono ya mchimbaji, kucha nyeusi. Mchi wa jirani ulinyamaza. Nililia, na sikujificha, nikajipangusa na pindo la kitenge nilichovaa.

"Djuma iko muzima?" aliuliza toka ndani ya mikono.

"Iko Kisangani. Ana watoto watatu."

"Vizuri," alisema. Sikujua kama alimaanisha vizuri, sikuthubutu kuuliza.

Simu ililia mezani. Lilikuwa grupe: mtu ametuma ubeti juu ya mvua, na mpokezi wa zamu anatafutwa. Niliizima.

"Walimuzika?"

"Walimzika wanawake wa pale. Baada ya wiki tatu nilirudi kuuliza, wakanionyesha. Ni kando ya barabara, kabla ya kushuka kwenye maji, pale sasa wanapochoma matofali. Tangu siku ile sijavuka tena."

Alishusha mikono. "Barabara gani?"

Nilikuwa nimetumaini hatauliza. "Ya Kalima," nilisema. "Barabara ni moja tu, mwanangu. Umempita leo ulipokuja."

Alinitazama, kisha akautazama mfuko wake. Akatoa kile kitenge, akakikunjua, akakikunja upya vizuri zaidi, akakirudisha ndani.

"Mutumbwi wa mwisho unavuka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi simama, Mama Djuma. Utanionyesha."

Nilimwambia magoti yangu hayafai, na kwamba mahali penyewe huenda nisipatambue. Yote yalikuwa kweli. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kunisaidia kuinuka, nami nikaushika.