Kiroboto na Kitufe Chekundu

Tangu utotoni walimwita Kiroboto, wala hakuonewa. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu ukimwona ametulia, mpeleke hospitali. Sasa alikuwa mama wa watoto wawili, ameketi kwenye kibanda cha kreni, juu kuliko jengo lililokuwa likijengwa, na goti lake la kulia lilikuwa likicheza kama cherehani.

Nyuma yake aliketi Mkufunzi, mzee asiye na maneno mengi. Kilichomtisha Kiroboto ni mkono wa mzee huyo, uliokaa karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu. Sheria ya mafunzo ilikuwa fupi: mkufunzi akilazimika kukibonyeza mara tatu, mwanafunzi ateremke ngazi na asirudi. Kiroboto alishabonyezewa mara mbili, zote kwa kosa lile lile la papara. Mzigo ulipoyumba, yeye aliuvuta upande wa pili, nao, kama mbuzi anayevutwa kamba, ukazidi ubishi.

"Mzigo ukiyumba, ufuate," Mkufunzi alimwambia mara zote mbili. "Ufuate kulekule uendako, utatulia wenyewe. Hupigani nao."

Kusema ni rahisi. Leo lilikuwa zoezi la mwisho: kuteremsha mbao kutoka ghorofa ya tisa hadi uwanjani. Aliogopa, na hakuwa na aibu kujikubalia hivyo. Kule kiwandani alikokuwa akishona, kiti chake kilishapata mtu mwingine, na watoto walishawatangazia majirani wote kwamba mama yao anaendesha kreni.

Chini uwanjani, mpiga ishara alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye utani kwake ulikuwa kama pumzi.

"Shemeji, unanipata?" redio ikakoroma. "Usinimwagie mbao kichwani leo. Kaka atakopa wapi mdogo mwingine mzuri kama mimi?"

"Nitakumwagia kwenye huo mdomo."

"Redioni hakuna ushemeji," Mkufunzi akasema.

Mbao zikainuka. Zilipotoka tu kwenye kona ya jengo, upepo ukazidaka, zikaanza kuyumba. Viganja vikamwasha Kiroboto. Mwili wake wote ulitaka kuzivuta nyuma. Akauma midomo, akazifuata kulekule zilikokwenda, polepole, mpaka zikachoka zenyewe na kutulia. Alitamani kupiga vigelegele, lakini nyuma yake Mkufunzi alikohoa tu.

"Shusha," shemeji akaita. "Shusha. Bado mita sita. Shusha."

Hapo ndipo alipomwona mama wa usafi. Alikuwa nyuma ya shemeji, karibu na uzio, mikono yote miwili imenyooshwa huku na huku. Ishara hiyo peke yake ndiyo waliyofundishwa kuitii kutoka kwa mtu yeyote, hata mpita njia: simama sasa hivi.

"Shusha bwana! Mbona umesita? Kuna nini?" shemeji akaita.

Shemeji hakuwa ameona kitu, na Mkufunzi hakutoa hata kikohozi. Kiroboto alijua akisimama ghafla mbao zitayumba tena, na mara ya tatu haina msamaha. Akausukuma mkono wa mzee, akakibonyeza kitufe mwenyewe.

Kreni ikanyamaza. Mbao zikabaki zikining'inia na kupepesuka, na hapakuwa na la kufanya ila kukaa, mikono mapajani. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Kisha redio ikaangua kicheko. "Shemeji, mama wa watu anaanika ovaroli! Ameishika mikono, anaikung'uta maji!"

Uwanja mzima ulikuwa ukicheka. Mama wa usafi naye, alipoelezwa, akaikung'uta tena kwa makusudi.

Kiroboto hakucheka. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Mara ya tatu," akasema. "Kwa ajili ya ovaroli."

"Mara ya tatu ni nikibonyeza mimi."

Akageuka. "Mwalimu, wewe uliona kwamba ni nguo?"

"Sikuona. Mkono wangu ulikuwa njiani kukibonyeza, wewe ukaniwahi." Mzee alikuwa akivaa glavu. "Zamani na mimi nilimwona mtu amenyoosha mikono namna ile. Nikasema moyoni, huyo anaanika nguo. Nikashusha. Hakuwa akianika nguo."

Mzee akafungua mlango wa kibanda.

"Unakwenda wapi, mwalimu?"

"Chini. Malizia."

Hakuwahi kuachwa peke yake mle ndani. Alizisikiliza buti za mzee zikigonga ngazi mpaka zikapotea. Mbao zilishatulia. Shemeji alikuwa bado akicheka redioni, akiuliza kama leo watalala hapo.

"Mpiga ishara," Kiroboto akasema, "mwache mama amalize kuanika, kisha asogee. Mimi nasubiri."