Dumu Lisilopungua

Muuguzi mkuu wa zahanati alilitupa koti la kwanza juu ya meza, na dobi akauona mstari wa njano kwenye kola kabla hajaambiwa kitu. La pili lilikuwa na njano kwapani. La tatu ndilo usiseme.

"Haya ni makoti ya wauguzi au matambara ya kudekia? Nilikupa kumi ya majaribio, mama. Yakirudi meupe kesho asubuhi, kazi ya mwaka mzima ni yako. Yasiporudi meupe, kuna mwenzako anaisubiri."

Dobi alikusanya makoti, akatoka damu ikimchemka. Mwaka mzima wa kazi ya uhakika! Miaka sita amefua mashuka ya watu hadi vidole vimechubuka, leo apate kazi ya maana, halafu mtu mmoja amharibie? Na mtu huyo alimjua. Maji yalikuwa yale yale, mikono ile ile. Kilichobaki ni sabuni, na sabuni ile ya maji muuza sabuni aliipika mwenyewe uani kwake, akijua peke yake anachotia humo.

Alimkuta na wateja watano. Salamu hakutoa.

"Wewe mwizi! Unatuuzia maji ya rangi unayaita sabuni! Huna hata haya?"

Muuza sabuni alichovya mkono kwenye pipa, akausugua. Povu likampanda hadi kiwikoni.

"Dada, yako niliitoa humu humu. Lete dumu lako, tuijaribu mbele ya hawa."

"Nalileta! Na leo hii biashara utaifunga!"

Alirudi nyumbani mbiombio. Uani alimkuta mama mkwe amechuchumaa, mkono mmoja umeshika mfuniko wa dumu, mwingine kikombe cha maji.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naongezea kidogo tu, mwanangu. Kikombe kimoja kila asubuhi. Si wewe unayetuimbia humu ndani kwamba vitu vidumu?"

Dobi alishika kichwa. Kelele zikamtoa ndani mumewe, mlinzi aliyekuwa amejilaza baada ya zamu. Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Yeye akasema, "Kumbe na mama? Mimi naweka chupa moja ya maji kila nikishaosha viatu vyangu, usije ukaona imepungua."

"Mungu wangu! Nyumba nzima mmekaa mnanimaliza! Mimi nakesha na kazi za watu, nyinyi mnanitilia maji! Nimekwenda kumtukana mtu wa watu hadharani kwa ajili yenu!"

Mama mkwe aliinuka taratibu, akajipangusa magoti.

"Sawa, mwanangu. Lakini siku ile uliponunua lita kumi, nani alilijaza dumu la lita ishirini?"

Ni dobi mwenyewe. Alilijaza yeye, kwa mkono wake, bombani, kwa sababu sabuni nzito aliiona ni kupoteza pesa. Miezi miwili alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba dumu lake halipungui. Hasira ilimpanda zaidi kwa kuwa sasa hakuwa na wa kumtupia lawama. Akalipindua dumu.

"Usimwage!" alipiga kelele mama mkwe.

Lita zote zilitiririka mferejini, na povu halikutoka hata tone.

Jua lilikuwa limeshapanda, na njano ile sabuni za dukani haziiwezi. Dobi alirudi kwa muuza sabuni na dumu tupu. Wale wateja watano hawakuwa wameondoka, maana nani aondoke?

"Mbona tupu, dada?"

Angeweza kusema limemwagika njiani. Uongo ulimfika kabisa ulimini, akaumeza.

"Tuliongeza maji," alisema. "Mimi, mume wangu na mama yake."

"Sikusikii. Mara ile ulikuwa na sauti nzuri."

"Nimesema tuliongeza maji sisi!" alifoka, na wapita njia wakasimama. "Wewe si mwizi! Sabuni yako ni nzuri, maji ni ya kwangu! Nisamehe! Haya, mmeshacheka, sasa nipimie lita kumi, makoti ya watu hayajaanikwa!"

Muuza sabuni alipima. Dumu la lita ishirini akaliweka pembeni, akamjazia la lita kumi hadi shingoni, akalifunga kwa nguvu.

Asubuhi muuguzi mkuu alizigeuza kola moja moja, zote kumi, akaangalia na makwapa. Hakupata pa kunyooshea kidole.

"Unaweza kuanza lini?"

"Leo hii," dobi alisema. "Lakini nitafulia hapa hapa kwenu. Na sabuni nifungiwe kabatini, ufunguo ukae na wewe. Hata mimi usinipe."