Msichana wa Ndani ya Ngoma

Hadithi ile mnaijua, msijifanye. Wasichana wanakwenda kuoga mtoni, mmoja anasahau shanga zake juu ya jiwe, anarudi kuzichukua, wenzake wanakataa kumsindikiza. Zimwi linamkamata, linamtia ndani ya ngoma na kupita nayo kijiji kwa kijiji. Likipiga ngoma, msichana anaimba, zimwi linapewa chakula. Hata siku moja mama yake akaitambua sauti.

Mwaka 1974 nilikuwa Kidato cha Tatu, shule ya bweni pale Iringa, na hakuna aliyeisimulia kunishinda mimi Kalista. Nasema bila haya, nilikuwa na mdomo. Jumamosi mchana tukisukana nywele, wasichana arobaini walinisubiri mimi. Wimbo tu nilimwachia rafiki yangu Evarista, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kule Chimala. Akianza kuimba, hata wasusi walisimamisha vidole.

Mwezi wa pili mama yake akafariki. Evarista alikwenda kuzika, akarudi mtu mwingine. Haongei, haogi, sahani anaisukuma pembeni. Badala ya kukaa naye, mimi nikamkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia mtu aliyefiwa! Niliona ananiharibia Jumamosi zangu.

Basi siku moja nikafika mahali pa wimbo, nikamwona amelala anaangalia ukuta. Nikavua kiatu, nikagonga tranka lake la bati. "Jamani, ngoma yetu imeharibika! Ngoma, imba!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikaona raha. Kuanzia hapo kila aliyepita aligonga lile tranka: ngoma, imba! Wiki nzima. Ningewaambia basi, wangeacha, maana ni mimi niliyeanzisha. Sikuwaambia.

Alhamisi, katikati ya somo la hesabu, Evarista akasimama akaanza kuimba. Akaimba darasani, akaimba uwanjani, akaimba bwaloni chakula kikipoa mbele yake. Siku mbili, machozi yanamtoka na hawezi kuacha, mpaka sauti ikamkauka. Walipomrudisha kwao, matroni akatuuliza bweni zima, "Nani anajua kilichompata mwenzenu?" Nilikuwa mstari wa mbele. Nikasema, "Hatujui, matroni." Mkuu wa shule akaandika barua kwamba mtoto amepatwa na kichaa, asirudi tena.

Likizo ya Aprili nikamdanganya mama kwamba naenda Mbeya kwa shangazi. Nikapanda basi Ipogolo, nikashuka Chimala, nikaulizia njia mpaka kwa Mzee Bujiku, baba yake Evarista. Alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoumia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Kalista? Karibu sana." Akanipa maziwa. Akasema hospitalini wamempa dawa, sasa analala, anakula, anaongea kidogo. Ila barua ya shule imemrudisha nyuma. "Anataka kusoma huyu. Wao wanasema kichaa kimemzukia tu. Hebu niambie, kuna kitu kilitokea?"

Nikameza maziwa. "Sijui, baba." Mara ya pili hiyo!

Evarista alikuwa nyuma ya nyumba anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amesikia kila kitu. "Unajua," akasema, hakuinua macho.

Nikaangua kilio. "Eva, nisamehe. Nina roho mbaya mimi, hata usingizi sipati, hata kula—"

"Kumbe umekuja nikubembeleze?"

Nikafuta machozi. Akatoa chuya moja, akatoa nyingine.

"Nilikuwa najisikia nikiimba," akasema. "Nilitaka kuacha. Ila niliona nikiacha tu, mtagonga tena." Akaweka ungo chini. "Ulinifanya kichekesho mbele ya watu arobaini, Kalista. Samahani unaniletea huku, tuko wawili na kuku?"

"Wakijua watanifukuza, Eva."

"Mimi wameshanifukuza."

Niliporudi kwa baba yake, nikamweleza yote nimesimama. Hakunitukana. Alichukua kikombe changu, akaingia ndani, hakutoka tena.

Jumamosi ya kwanza ya muhula nikawaomba matroni na mkuu wa shule waje bwenini kusikiliza hadithi. Wakaja wanatabasamu, wakaletewa viti.

"Mpo?" nikauliza.

"Tupo!"

Nikaanza na mto, nikaenda na shanga. Nilipofika kwenye zimwi nikawageukia matroni na mkuu wa shule. "Zimwi hili halikuwa na jicho moja," nikasema. "Lilikuwa Kidato cha Tatu. Jina lake Kalista."

Wakacheka, walidhani ni mbwembwe zangu. Nikaendelea: kiatu, tranka, wiki nzima, swali la matroni na jibu langu. Kicheko kikafa. Wengine wakaangalia viatu vyao, maana nao waligonga.

Nilisimamishwa shule mwezi mzima, na kwa mama kilinipata cha kunipata. Evarista akaandikiwa barua nyingine, akarudi Julai na vidonge vyake na ruhusa ya kupumzika akichoka. Alichagua kitanda cha mwisho kule dirishani, mbali na changu. Hakuninunia, wala hakunisema kwa mtu. Kila asubuhi alisema, "Habari za asubuhi, Kalista," kama alivyomsalimia mtu yeyote.