Redio Isiyo na Wimbo

Jumatatu, tarehe ishirini na saba Oktoba, mwaka 2025. Asubuhi hiyo mji wa Rongo uliamkia manyunyu na ukungu mzito, hata mashamba ya miwa ng'ambo ya barabara hayakuonekana. Nyamoita alifungua kibanda chake sokoni, akapanga mikungu ya ndizi, kisha akaketi bila kumwita mteja hata mmoja. Aliyetaka ndizi alijichagulia mwenyewe. Tangu alfajiri alikuwa ameomba mara tatu, na mara zote maombi yalikwama mahali pamoja: "Baba, hiyo saa kumi na moja jioni..."

Saa kumi na moja jioni binti yake angesema redioni kule Uingereza.

Bitutu alifanya kazi katika zahanati moja ya Homa Bay kabla ya kwenda Uingereza kutunza wazee. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili. Wakala aliyempeleka aliwaweka wasichana sita katika nyumba moja na kuzifungia pasipoti zao. Mmoja wao alipolalamika, gari lilikuja kumchukua, na wenzake hawakumwona tena. Baada ya hapo simu za Bitutu zikakoma. Siku nane zilizopita ndipo ujumbe ulipoingia kwa namba ngeni. Nyamoita alikuwa ameusoma mpaka ukamkaa kichwani kama fungu la kukariri la Sabato:

"Mama, wametunyang'anya simu. Hii ni ya rafiki. Jumatatu tarehe 27 nitasema ukweli redioni, saa tisa mchana ya huku, saa kumi na moja jioni ya huko. Nitatumia jina la nyanya, Nyatichi. Usiponisikia, ujue wamenipata."

Jioni ilipokaribia, ukungu ulikuwa umegeuka mvua. Nyamoita alijitanda leso kichwani, akaenda darasani. Kisomo cha watu wazima kilikuwa katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na siku hiyo walifika wanafunzi watatu tu: yeye, Mzee Ratemo aliyekuwa mzee wa kanisa, na Pauline, mama wa Kijaluo aliyeuza dagaa wa omena kutoka Homa Bay. Mwalimu Trizah aliiunganisha simu yake na spika ndogo, akaifungua ile redio mtandaoni kwa kiungo kilichokuja na ujumbe wa Bitutu. Watu wakasikika wakibishana kwa Kiingereza cha haraka.

"Hii nayo wimbo inaanza lini?" Pauline aliuliza.

"Haina wimbo," Trizah alisema. "Asubuhi mpaka usiku ni watu kuongea tu."

"Yawa! Na wanalipwa?"

"Hiyo si redio," Ratemo akasema. "Hiyo ni baraza ya chifu."

Nyamoita hakucheka. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika mbili. Mwanamume mmoja alilalamikia mashimo ya barabarani. Bibi mmoja akaeleza jinsi paka wake alivyopotea. Trizah aliwatafsiria kila aliyesema, na kila sauti mpya ilipoingia Nyamoita aliinua uso, kisha akauinamisha. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni.

"Labda wamemchelewesha kidogo," Pauline alisema taratibu.

"Wamempata," Nyamoita akajibu. "Alisema nisipomsikia nijue hivyo." Aliiona nyumba asiyoijua, ngazi asizozijua, na gari lenye taa zilizozimwa likingoja mlangoni. Alitaka kuomba, akakuta hata jina la Mungu limemkauka mdomoni.

Hapo mtangazaji akataja saa.

Nyamoita akashtuka. Wiki iliyopita somo lilikuwa saa za Kiingereza, na alikuwa amezirudia kibandani mpaka wateja wakamwona kama amechanganyikiwa. "Mwalimu, amesema nini? Si amesema saa nane na nusu?"

Trizah akakunja uso. "Ndiyo. Saa nane na nusu."

"Bitutu aliandika saa tisa ya kule. Kwetu sasa ni saa kumi na moja na nusu. Kama kwao ni saa nane na nusu, saa tisa haijafika!"

Mwalimu alijipiga paji la uso. "Mungu wangu! Wale watu hurudisha saa nyuma baridi ikianza. Lazima wamerudisha jana. Bitutu alipokuwa akihesabu, alisahau."

"Saa inarudishwaje nyuma?" Ratemo akauliza. "Na jua nalo wamelirudisha?"

Safari hii Pauline alicheka peke yake. Nyamoita alikuwa amepiga magoti. Nusu saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko miaka miwili yote. Mvua iligonga mabati, mtandao ukakatika mara mbili, na mara zote mbili alishika mguu wa meza kana kwamba ndio unaomshikilia binti yake.

Saa kumi na mbili kamili taarifa ya habari ilisomwa. Kisha mtangazaji akamkaribisha mgeni, akilitamka jina la Nyatichi kama mtu anayetafuna mfupa.

Halafu mtu akavuta pumzi mara mbili, fupifupi. Ndivyo Bitutu alivyovuta pumzi tangu utotoni kila aliposimama kanisani kukariri fungu.

"Ni yeye," Nyamoita alinong'ona.

Trizah alitafsiri sentensi moja moja: zile pasipoti, zamu za saa kumi na sita, lile gari. Sauti ya Bitutu ilitetemeka lakini haikukatika. Mtangazaji akamwambia kuna watu pale nje walio tayari kumpeleka polisi, kumpa pa kulala, na kumsaidia kurudi kwao. Bitutu akajibu kwamba watu hao wawachukue wenzake. Yeye, kipindi kikiisha, angerudi katika ile nyumba.

"Kwa nini usiende kwenu?" mtangazaji aliuliza.

Jibu lilipokuja, Trizah hakutafsiri. Lakini Nyamoita alikuwa ameshika maneno mawili ya Kiingereza aliyoyajua: mama, na mikono.

"Sema, mwalimu."

"Amesema..." Trizah alianza. "Amesema mama yake alimwambia mbele ya kanisa zima asirudi langoni kwake mikono mitupu. Amesema pasipoti ataidai polisi, lakini lango la mama atalidai wapi?"

Nyamoita aliikumbuka Sabato ile ya kumuaga Bitutu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwa majivuno, kitambaa kipya kichwani, akayasema maneno hayohayo, na watu wakashangilia.

"Nilikuwepo," Ratemo alisema polepole. "Nilipiga makofi."

Kipindi kikaisha. Nyamoita alitoa simu yake, akapiga ile namba ngeni. Iliita mara nne, mara tano.

"Haloo?" sauti ya msichana mwingine ikaitikia. Trizah akainama, akasema naye kwa Kiingereza, kisha akarudisha simu. "Ni yule rafiki. Wako mlangoni pa redio, wanataka kuondoka. Anampa."

"Mama?" Bitutu alisema.

"Ngoja. Usipige hatua." Nyamoita akawageukia wenzake. "Simameni. Neno lile nililisema nimesimama mbele ya watu. Sitaliondoa kwa kunong'ona."

Ratemo alisimama, akavua kofia. Pauline akasimama, na mwalimu pia. Nyamoita aliiinua simu mbele ya mdomo wake, akapaza sauti juu ya mvua:

"Bitutu binti yangu, mbele ya Mungu, mbele ya Mzee Ratemo, mbele ya Pauline na Mwalimu Trizah, lile neno nimelifuta. Nenda na hao watu sasa hivi. Nawe ukirudi huna hata kiatu mguuni, mimi mwenyewe nitakufungulia lango, nitakushika hiyo mikono mitupu, na nitakuingiza nyumbani nikiimba, mchana, soko lote likiona. Naahidi."