Zoezi la Boti ya Wajawazito

Asante ya punda ni mateke, na mimi nilipigwa langu mbele ya hospitali nzima.

Borghild ndiye mpangaji wa mambo ya dharura katika hospitali yetu ndogo hapa ghubani. Tumesoma pamoja, na arusi yangu aliisimamia yeye. Mimi ni mkunga mkuu. Septemba alikuja wodini kwangu akitabasamu.

"Shoga, zoezi la mwaka huu ni lako. Tujifanye wodi ya uzazi imeungua. Wajawazito wote waende mjini kwa boti, na hospitali iendelee na kazi."

"Na boti ipo?"

"Ipo. Wee nifanyie vizuri tu, hao wakubwa wa mjini waone tunajiweza."

Nikafanya. Nilimshawishi hata Sunniva, mwenye mimba ya miezi minne tu, alale kwenye machela kama aliyeshikwa na uchungu. Alicheka njia nzima. Bahari ilikuwa shwari, tukafika kahawa ya chupani haijapoa.

Wiki iliyofuata sote tulioshiriki tuliitwa ukumbini, vikeki vya vafeli na jamu mezani kama kila baada ya zoezi. Mkurugenzi kutoka mjini alisema sasa imethibitika: hospitali inaweza kuendelea bila wodi ya uzazi. Krismasi ikipita, itafungwa. Akanipongeza kwa jina, na watu wakapiga makofi kabla hawajaelewa.

Nilimgeukia Borghild.

"Ulijua?"

"Gudny, ilikuwa ifungwe wodi yako au chumba cha upasuaji. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungefanya vizuri vile?"

Niliumia. Hata mume wangu aliponiacha sikuumia hivyo. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sunniva akatujia, mkono tumboni. "Mtoto wangu ni wa Februari. Februari dhoruba inafunga boti wiki nzima, nani hapa hajui?"

"Sikujua mpango wao, Sunniva. Naapa."

"Hukujua! Wewe na Borghild, chanda na pete? Mlinilaza kwenye machela mkanichekesha, kumbe mnanitumia."

Chozi lilinitoka. Borghild alikuwa amesimama ubavuni pangu. Angesema tu, "Gudny hakujua," yangekwisha.

Akaomba apitishiwe kahawa.