Vibao Vilivyolilia Jina

Sauti ilikuwa ndogo, kama kifuniko cha sufuria kinapoinuliwa na mvuke, lakini jiko lilikuwa limezimwa tangu mchana. Lornah, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka masomo ya jioni, alipapasa kiberiti gizani, akawasha koroboi. Sauti ilitoka chini ya kitanda. Kibao cha Kofia Pana kilikuwa kinalia.

Kilikuwa kimeletwa na mipango ya mumewe, Oketch. Mwaka huo wa tisini na nne kiwanda cha nguo kilimpunguza kazini na kumpa pesa zake zote kwa mkupuo, naye alitaka kufungua hoteli ya vyakula vya Meksiko pale Kondele. Kampuni mbili zilikuwa zinauza majina ya hoteli hizo, Kofia Pana na Pilipili Nyekundu. Kila moja ilikuwa na ajenti wake, na kila ajenti aliacha kibao ili familia izoee jina.

Lornah alizilinganisha kwa maharagwe, kila sharti zuri punje moja bakulini. Kofia Pana walidai sehemu ya mauzo kila mwezi, lakini wangemfundisha mpishi. Pilipili Nyekundu hawakudai mauzo, ila unga na hata karatasi za kufungia lazima vitoke kwao. Zote ziliuza chapati ya mahindi iliyokunjwa na maharagwe na nyama ndani. Hakuna iliyokubali kumwonyesha hoteli hata moja iliyo wazi. Kwa hilo alitoa punje katika kila bakuli.

“Kwani mtu wa Meksiko ndiye atanifundisha kukunja chapati na maharagwe?” aliuliza mama mkwe wake, Mama Dorca, aliyekuwa akiuza hivyo Nyalenda tangu Oketch akiwa mgongoni.

“Mama, hatununui chapati,” alisema Oketch. “Tunanunua jina.”

“Jina tangu lini inanunuliwa? Wewe mwenyewe ulipozaliwa ulilia, tukakuitia majina ya wafu mpaka ukanyamazia ya babu yako.”

Kwa hiyo usiku ule kibao kilipolia na Lornah akamwita, Mama Dorca alijua la kufanya. Alikitoa chini ya kitanda, akakipakata, akaita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Kiliendelea kulia. Aliita wafu wa majirani. Alipofika kwa Zadock wa Awasi, kilinyamaza.

Zadock alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Kabla ya hapo alifungua hoteli yenye rangi nyingi sokoni Awasi, na ilifungwa kabla rangi haijakauka vizuri.

Punde kibao cha Pilipili Nyekundu nacho kikaanza kulia nyuma ya kabati. Lornah hakutaka kupoteza muda. Alisema “Zadock”, na hicho pia kikanyamaza. Alimwaga bakuli zote mbili kwenye gunia.

Jumamosi ajenti wa Kofia Pana, Bwana Wepukhulu, alikuja kuchukua jibu. Lornah alimkaribisha chai, akamuuliza Zadock alikuwa nani kwao.

“Mteja.”

“Na kwa Pilipili Nyekundu?”

“Mama, biashara ni kujuana.” Alikipapasa kibao chake. “Hiki kimetulia vizuri. Kuna vingine vinatusumbua sana.”

Lornah alimvuta Oketch nje, kando ya pipa la maji. “Baba Adero, tafadhali usitie sahihi. Hawa ni mtu mmoja na kofia mbili.”

“Zadock hakuwa na mke wa kumhesabia maharagwe,” alisema Oketch kwa upole. “Mimi niko naye.”

Alirudi ndani, akatia sahihi na kutoa bahasha. Bwana Wepukhulu alimaliza chai. Alipoondoka alibeba kibao cha Pilipili Nyekundu kwapani, akisema atamfikishia mwenzake.

Jioni ile walikuwa wanakula omena wakati kibao kilichobaki, sasa kikiwa ukutani, kilipoanza kulia tena. Mama Dorca aliita Zadock. Hakikusikia. Aliita ukoo wote, akawarudia majirani, kisha akanawa mikono na kukaa.

“Kitazoea,” alisema Oketch, akamega ugali.

Mtoto wao Adero, ambaye bado alikuwa anajifunza kuvaa viatu, aliweka tonge lake chini, akaenda kusimama mbele ya kibao na kukisikiliza.

“Inataka jina ya Baba,” alisema.